Kigari cha kutembelea Kampala: injini huuawa na foleni, si kilomita. Hii Passo niichukue au niiache?

Mwana Koboko

Wakuu, habari za jioni. Hii ni wiki ya tatu nazunguka Kampala kumtafutia dada yangu mdogo gari ndogo, na nimebakiwa na moja tu ya kuamua. Nitaeleza kwa kirefu maana niliyokutana nayo njiani yanaweza kumfaa mwingine, halafu nyinyi mnaojua mnipe jibu. Mwenye gari anataka kauli yangu Jumamosi.

Dada anakaa Kyaliwajjala, kazi iko Nsambya. Kwenye ramani ni kilomita kama 14. Kwenye maisha ni kuteremka Kireka gizani, kusukumana Banda hadi Nakawa, kusinzia kwenye taa za Jinja Road, ndipo uingie Mukwano Road ukiomba treni isipite. Jioni hivyo hivyo, na kila safari inakula saa moja na nusu kama Mungu amekuangalia. Wiki ya tarehe 3 Juni, mahujaji wanapoelekea Namugongo, hata sisemi.

Sasa pigeni hesabu. Kwa siku gari inatembea kilomita 28, lakini injini imewaka saa tatu nzima. Saa tatu zingemfikisha mtu Masaka, tena akabakiwa na muda wa chai. Mafuta ya injini yamepikwa saa tatu, feni ya rejeta imezunguka, giaboksi imeingia na kutoka kwenye D, gia ya kwenda mbele, mara zisizohesabika, na dashibodi imeandika 28 tu. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia "kilomita chache hii, ilikuwa ya kwenda ofisini tu", ndipo naanza kuogopa.

Kitu kingine ambacho madalali hawapendi mkijue. Tangu 2018 sheria imefunga mlango kwa gari iliyotimiza miaka 15 tangu itengenezwe, haiingii nchini. Toyota Vitz ya kizazi cha pili, ile yenye spidomita katikati ya dashibodi, ilitengenezwa kuanzia 2005 hadi 2010. Toyota Passo ya kwanza, 2004 hadi 2010. Honda Fit ya kwanza, 2001 hadi 2007. Maana yake hakuna hata moja inayoweza kushuka leo kutoka Mombasa. Kila unayoiona imeshaishi hapa, imeshakula mashimo yetu, pengine imeshaogelea kwenye mafuriko ya Bwaise. Dalali akikuambia "hii bado ina harufu ya Japani" huku akikuonyesha sahani mpya ya namba, ile ya kidijitali, mwache na meno yake. Sahani mpya hubandikwa hata kwenye gari kuukuu.

Ya kwanza kuiona ilikuwa Vitz ya rangi ya fedha kwenye bondi (yadi ya kuuzia magari) moja upande wa Nakawa. Tulipatana saa tatu asubuhi, nikafika saa mbili na robo makusudi. Nikaweka kiganja juu ya boneti: moto kama sufuria. Jamaa akasema ametoka kuiosha. Gari iliyotoka kuoshwa huwa ya baridi, jamani! Wanaiwasha mapema kwa sababu injini baridi haina siri. Moshi wa buluu wa dakika ya kwanza, cheni inayogonga kabla mafuta hayajapanda, yote hayo hupotea ikishapata moto.

Dashibodi ilisema 86,000. Raba ya pedali ya breki imelika kona moja mpaka chuma kinachungulia, usukani unang'aa kama goti la suruali ya shule. Tairi nne za miaka minne tofauti (someni tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019). Kisha nikauvuta mkanda wa dereva polepole hadi mwisho kabisa, kule ambako mwosha magari hafiki. Nikakuta mstari wa tope lililokauka. Sikuuliza bei.

Ya pili ni Honda Fit, Ntinda, ya jirani wa rafiki. Niliipenda, sitaki kusema uongo. Viti vya nyuma vinalala chini kabisa unapakia hata jokofu, na mwenyewe ni mtu mstaarabu. Lakini ikiondoka kutoka kusimama ilitetemeka kama mwenye homa, kisha ikatulia. Mara ya pili hivyo hivyo, mara ya tatu zaidi. CVT (giaboksi isiyo na gia za hatua) ya Fit ile haitumii tokonvata, ile bakuli ya mafuta inayounganisha injini na giaboksi. Ina klachi ya kuondokea inayofanya kazi ndani ya mafuta, nayo inataka mafuta yake ya Honda, HMMF, si mengine. Nikauliza mara ya mwisho yaliwekwa yapi. "Yale mekundu ya giaboksi." Basi. Kwenye foleni ya kusogea hatua tano na kusimama, klachi hiyo ndiyo punda wa kazi. Tena Fit ya 1300 ya aina ile ina plagi 8 kwa silinda 4. Nne za mbele zilikuwa mpya zinameta, nne za nyuma sidhani kama zimewahi kuona jua tangu zifungwe kiwandani.

Sasa ndiyo hii Passo. Kireka, mwenyewe ana duka la vifaa vya ujenzi. Kwa sura ni aibu: bodaboda wameichora ubavu wote wa kushoto, bampa ya nyuma imeshonwa kwa waya. Mimi hilo lilinipa moyo, maana aliyeacha mikwaruzo yake wazi hajapaka rangi kuficha kitu. Nilimwomba asiiwashe usiku kucha, akakubali. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi boneti ilikuwa na umande.

Ikawaka mara moja. Hakuna moshi. Injini ni 1KR, cc 996, silinda tatu, cheni si mkanda. Tukaipandisha mlima wa Naguru tukiwa watu wazima wanne na AC inafanya kazi, kwa sababu Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na injini ndogo huku juu hewa haiitoshi. Ilipanda kama mzee mwenye fimbo, lakini ilipanda, na giaboksi (hii ni ya gia nne za kawaida, si CVT) haikurukaruka. Nikasimama katikati ya mlima nikaondoka tena. Sawa. Nikakata kona hadi mwisho kushoto na kulia nikisikiliza kama jointi zinagonga. Kimya.

Kisha nikafanya jambo lililomfanya mwenye gari anione mgonjwa. Niliegesha mbele ya duka lake, D, mguu kwenye breki, AC juu kabisa, nikakaa dakika 40. Passo haina mshale wa joto. Ina taa ya buluu ya injini baridi na nyekundu ya iliyochemka, na katikati ya hizo mbili hujui kitu. Kwa hiyo nilichomeka kile kidude cha kusoma kompyuta ya gari, nikaangalia namba kwenye simu. Ikisimama ilipanda hadi nyuzi joto 96, feni ikaingia, ikashuka 91, ikapanda tena. Hivyo hivyo dakika zote 40. AC haikuacha kupoza. Kwenye kopo la maji hakuna mapovu.

Tatizo: asubuhi taa ya buluu ilichukua muda mrefu mno kuzimika, na tulipokuwa tunatembea joto lilikuwa 64, 66, halikufika hata 75. Hiyo ni gari iliyotolewa themostati, kile kizibo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Pia kuna ukoko wa waridi uliokauka chini ya pampu ya maji, na ikiwa kwenye D inatetemesha kioo cha ndani mpaka nyuma huoni vizuri. Namba ya injini inalingana na ya kwenye logibuku, yaani kadi ya umiliki. Anataka milioni 13, mimi nafikiria 11.

Swali langu ni moja. Themostati ilitolewa kwa sababu iliwahi kuchemka, au ni tabia tu ya mafundi wetu? Nichukue au niache?

Mbongo wa Kabalagala

Mkuu, uzi wa maana, nimekaa siti ya mbele kabisa. Ila huko kwetu hivyo vigari tunaviita bebi woka, na mimi nisingemnunulia dada yangu cc 996 kwa milima hii. Ongeza kidogo chukua Toyota IST. 1300 au 1500, silinda nne, haitetemeki, na spea zimejaa Kisekka.

Mwana Koboko

Kaka, IST nimeziangalia. Hela ninayoweza kuitoa inanipa IST iliyochoka, au Passo iliyo hai. Nachagua iliyo hai.

Fundi wa Ndeeba

Mdogo wangu, umefanya kazi ambayo wateja wangu wengi hawafanyi, wao wanakuja kwangu baada ya kulipa.

Kuhusu themostati nitasema kweli, na wenzangu wakinichukia shauri yao. Sisi ndio tunaozitoa. Mteja anakuja gari inachemka, ana elfu hamsini mfukoni, feni ya rejeta imekufa. Tunamtolea themostati, maji yanazunguka muda wote, gari inapoa, anaondoka anafurahi. Feni ikija kutengenezwa baadaye hakuna anayekumbuka kuirudisha. Halafu injini inaishi na baridi: inakunywa mafuta zaidi kwa sababu kompyuta inadhani ndiyo kwanza asubuhi, na mafuta ya injini hayapati moto wa kukausha unyevu. Haiui gari wiki ile. Inaila polepole.

Kwa hiyo kukosa themostati peke yake hakukuambii kama ilichemka mpaka injini ikaumia. Angalia haya. Injini ikiwa baridi fungua mfuniko wa rejeta, chovya kidole. Waridi au kijani safi, vizuri. Rangi ya chai, waliweka maji ya bomba na kutu imeshaanza ndani. Kisha mulika tochi pale silinda hedi inapokutana na bloki: ukiona silikoni nyekundu imevimba pembeni, au boliti zenye makovu ya spana, hedi ilishafunguliwa. Mwisho toa plagi tatu upime mgandamizo. Kwa silinda tatu ni kazi ya nusu saa. Usitafute namba kubwa, tafuta namba zinazofanana.

Ukoko wa waridi ni pampu, 1KR inajulikana kwa hilo, si msiba. Na kutetemeka: silinda tatu hutetemeka kwa asili yake, lakini weka N, gia huru. Ikitulia kabisa kwenye N na kucheza kwenye D, hiyo ni maunti ya injini, raba imekufa.

Mama Mapacha

Naendesha Vitz mwaka wa sita sasa, Ntinda hadi mjini. Mmesahau vitu viwili, kaka zangu.

Kwanza chungulia juu ya shokapu. Kwa sababu ya mashimo watu wanaweka spesa kuinua gari. Ya kwangu ilikuja nazo, nikasifu ilivyo juu, nikadhani nimepata bahati. Ndani ya mwaka mmoja nimebadilisha jointi za mbele mara mbili na boljointi, kwa sababu zinafanya kazi zimepinda muda wote. Nikazitoa. Sasa naingia shimoni taratibu kama watu wengine.

Pili, soma namba iliyochongwa kwenye vioo vya pembeni. Nyote mnajua vioo vinavyong'olewa foleni ikisimama, ndiyo maana tunachonga namba ya gari. Nilishaona gari inauzwa, kioo cha kulia kina namba yake, cha kushoto kina namba ya mtu mwingine imekwaruzwa kwa msumari. Kama mwenyewe ananunua vioo vya wizi, na hayo mengine aliyapata wapi?

Msema Kweli 256

Mtanisamehe, ila hii nadharia ya foleni mnaikuza. Gari ya kilomita 60,000 ni bora kuliko ya 200,000, iwe Kampala iwe Tokyo. Tena huko Japani pia kuna foleni.

Mwana Koboko

Ndugu yangu, foleni ipo, nakubali. Lakini 60,000 za huko ni za gari iliyobadilishiwa mafuta kwa wakati. Hapa mtu anafuata kile kikaratasi cha gereji, "rudi baada ya kilomita 5,000". Kwa dada yangu hizo ni siku 180 za kazi, yaani miezi minane au tisa, na injini imewaka saa zaidi ya mia tano. Mafuta yameshakuwa lami. Kwa gari ya foleni hesabu miezi, usihesabu kilomita. Hapo ndipo 60,000 za Kampala zinapochakaza kuliko 100,000 za barabara ya Gulu.

Msema Kweli 256

Hapo kwenye mafuta umenipata. Kwingine bado.

Kijana wa Arua Park

Mkishamaliza injini geukieni karatasi. Mimi nilinunua gari kwa mtu ninayesali naye. Akanipa kopi ya logibuku, "ya asili iko kwa mke wangu kijijini". Kumbe ya asili iko kwa mkopeshaji, ameiweka rehani. Gari ikachukuliwa mchana kweupe nikiwa nakula rolex, chapati iko mkononi nawaangalia wanaivuta. Miezi saba kuirudisha.

Logibuku ya asili uishike mkononi kabla ya kutoa hata shilingi. Namba ya chesisi soma kwenye chuma, siyo kwenye karatasi tu. Na umwambie mwenyewe mkaangalie pamoja faini za trafiki zinazodaiwa na namba ile, maana zinaweza kukuangukia wewe. Wote wawili muwe na TIN, namba ya mlipakodi, la sivyo kuhamisha umiliki hakutaenda popote.

Mbongo wa Kabalagala

Pole sana kaka. Rolex uliimaliza?

Kijana wa Arua Park

Niliimaliza. Ningefanyaje?

Mwana Koboko

MREJESHO.

Ijumaa nilirudi Kireka na tochi, na kijana wa gereji mwenye kipimo cha mgandamizo. Kidole kwenye rejeta: kijani, imefifia, lakini si chai. Hakuna silikoni kwenye hedi, boliti hazijaguswa. Plagi zikatoka, silinda mbili namba sawasawa, ya katikati chini kidogo tu, kijana akasema hiyo ni kawaida kwa umri wake. Tukaweka N, kioo kikatulia. Tukarudisha D, kikaanza kucheza. Maunti, kama fundi alivyosema.

Spesa hakuna. Kioo cha kulia kimechongwa namba yake, cha kushoto hakina kitu. Nikamuuliza mzee. Akacheka, akasema cha kushoto kiling'olewa Clock Tower miaka miwili iliyopita, akanunua kingine, na akanitolea risiti kutoka kwenye faili. Mzee ana faili! Ndani mna risiti ya feni ya rejeta, tarehe na yote. Nikamwonyesha: mzee, siku hii hii ndiyo walikutolea themostati. Akavaa miwani akaitazama ile karatasi muda mrefu. "Na mimi nilikuwa nashangaa kwa nini ilianza kunywa mafuta."

Tumemalizana kwa milioni 11 na laki nne. Logibuku ya asili imetoka kwenye faili lile lile, faini hazikuwepo, umiliki unashughulikiwa. Jana dada ameipeleka Nsambya mara ya kwanza. Alinipigia simu akiwa Lugogo, imesimama dakika ishirini, akaniuliza ile sauti inayovuma mbele kisha inanyamaza ni ya nini. Nikamwambia ni feni, isipovuma ndiyo unipigie.

Fundi wa Ndeeba, naomba nafasi Jumanne: themostati, pampu ya maji, maunti, na maji ya rejeta yote yamwagwe.

Fundi wa Ndeeba

Saa mbili asubuhi, uje nayo ikiwa baridi, usipite kwingine. Na usininunulie themostati wewe. Juzi mteja kaniletea ya bei poa, nikaitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka mbele yake, haikufunguka hata nusu.